Kutoka Mutakura hadi bandari ya Dar es Salaam: Kwa nini safari ya treni huanzia ng'ambo ya mpaka?

Kwa mkazi wa Mutakura anayetaka kufika Dar es Salaam na kupanda boti ya kwenda Zanzibar, njia ya anga ndiyo iliyo karibu zaidi na mlango wake. Uwanja wa ndege wa kimataifa wa Melchior Ndadaye uko upande huohuo wa kaskazini mwa Bujumbura, na ndege isiyotua njiani hutumia takriban saa mbili hadi pwani. Treni haipo Bujumbura, wala haipo popote pengine nchini Burundi. Stesheni ya karibu iko Kigoma, nchini Tanzania.

Hata hivyo, wapo wasafiri wanaoiacha ndege na kuchagua reli. Wengine hufanya hivyo kwa sababu ya nauli, wengine kwa sababu ya mizigo, na wengine kwa kuwa familia ni kubwa na tiketi za ndege za watu watano au sita hazilipiki. Kwao wote, sehemu ngumu ya safari si zile kilomita 1,250 za reli baina ya Kigoma na Dar es Salaam. Ni zile chache zinazotangulia, kabla treni haijaonekana.

Stesheni iliyo nje ya nchi

Ujenzi wa Reli ya Kati ulianzia Dar es Salaam mwaka 1905, wakati Tanganyika, Rwanda na Burundi zilipokuwa sehemu za koloni moja la Kijerumani. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Wajerumani walikusudia kuliunganisha Ziwa Tanganyika na Bahari ya Hindi, kisha meli ziendelee na kazi kutoka Kigoma hadi miji mingine ya ziwani, ukiwemo Usumbura, ambao leo ni Bujumbura.

Meli mashuhuri kuliko zote ziwani humo ilifika kwa njia ya reli hiyohiyo. Graf von Götzen iliundwa mwaka 1913 na kampuni ya Meyer ya Papenburg, Ujerumani, ambayo siku hizi inajulikana kwa kuunda meli kubwa za watalii. Ilifunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika maelfu ya makasha, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, kisha ikapandishwa treni kwenda Kigoma. Huko iliunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 ili isitekwe. Iliibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarejea kazini chini ya Waingereza kwa jina la Liemba.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Tanganyika ilikabidhiwa Uingereza, na Ruanda-Urundi ikakabidhiwa Ubelgiji. Mkataba wa mwaka 1921 uliwapa Wabelgiji maeneo yao ya bandari huko Kigoma na Dar es Salaam kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Shehena za Burundi zikapata njia ya baharini bila Burundi kujengewa reli. Mpangilio huo wa meli hadi Kigoma, kisha treni hadi pwani, ulizoeleka kwa miongo mingi, na ndio unaoeleza kwa nini hadi leo Mrundi huianza safari yake ya treni akiwa tayari amevuka mpaka.

Kufika Kigoma

Kwa njia ya majini, Kigoma iko takriban kilomita 170 kusini mwa Bujumbura. Zamani abiria alipanda meli bandarini Bujumbura na kushuka karibu kabisa na stesheni ya Kigoma. Siku hizi hakuna meli ya abiria ambayo msafiri anaweza kuitegemea kwa ratiba ya uhakika. Liemba yenyewe imekuwa katika matengenezo makubwa kwa miaka ya karibuni.

Inabaki barabara. Msafiri wa Mutakura hulivuka jiji lote kutoka kaskazini hadi kusini, kisha huifuata barabara ya ufukweni kupitia Rumonge na Nyanza-Lac, na hatimaye huvuka mpaka baina ya Mugina, upande wa Burundi, na Manyovu, upande wa Tanzania. Kutoka Manyovu huteremka hadi Kigoma mjini.

Njia hii si ndefu, lakini ina vikwazo vyake. Maji ya Ziwa Tanganyika yamepanda sana katika miaka ya karibuni, na mwaka 2024 mafuriko yaliathiri Gatumba, Rumonge na sehemu za bandari ya Bujumbura. Uhaba wa mafuta ya petroli nao umeifanya safari ya basi kuwa jambo lisilotabirika: gari lililotarajiwa kuondoka alfajiri huweza kuondoka mchana, au lisiondoke kabisa. Kwa upande mwingine, ukarabati wa kipande cha kilomita 45 baina ya Gitaza na Rumonge, pamoja na barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu upande wa Tanzania, umefadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika kwa lengo la kurahisisha njia hii.

Kwa baadhi ya familia za Mutakura, jina la Kigoma lina uzito mwingine. Mtaa huo ulikuwa miongoni mwa maeneo ya maandamano ya mwaka 2015 ya kupinga muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza, na wengi waliikimbia Bujumbura. Mwezi Mei mwaka huo, maelfu ya Warundi waliokuwa wamekusanyika katika kijiji cha Kagunga, kwenye ufuko wa Tanzania, walisafirishwa na Liemba hadi Kigoma, kisha wakapelekwa katika kambi ya Nyarugusu. Kwa aliyepita huko akiwa mkimbizi, kupita tena akiwa na pasipoti na tiketi mkononi ni safari ya namna nyingine kabisa.

Ndani ya behewa

Treni ya Kigoma haiondoki kila siku, na safari hadi Dar es Salaam huchukua zaidi ya siku moja na nusu. Reli hii ni ile ya zamani yenye upana wa mita moja. Abiria huchagua baina ya behewa la kulala na la kukaa, na tofauti ya nauli ni kubwa. Njiani treni hupita Uvinza, mji wa chumvi, kisha Kaliua, Urambo na Tabora, ambako wachuuzi huleta asali dirishani, kabla ya kuendelea kwenda Manyoni, Dodoma na Morogoro.

Tangu mwaka 2024 msafiri amepata njia ya pili. Treni ya umeme katika reli mpya ya kisasa, yenye upana wa milimita 1,435, ilianza kubeba abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni mwaka huo, na ikafika Dodoma mwezi Julai. Treni hiyo huweza kufikia mwendo wa kilomita 160 kwa saa, na huitimiza safari ya Dodoma hadi Dar es Salaam kwa muda wa saa tatu na nusu hadi nne. Anayetoka Kigoma anaweza kushukia Dodoma na kuhamia huko. Azingatie tu kwamba stesheni ya reli mpya mjini humo si ile ya zamani, hivyo kuna safari fupi ya gari baina ya hizo mbili, na tiketi ni mbili tofauti.

Faida nyingine huonekana mwishoni mwa safari. Stesheni ya reli mpya jijini Dar es Salaam iko katikati ya mji, si mbali na gati la boti za Zanzibar. Anayeshuka ndege hutua katika uwanja wa Julius Nyerere, kisha hulazimika kupenya foleni za magari kwa takriban kilomita 12 kabla ya kuiona bahari.

Hesabu ya nauli na muda

Ulaya, hoja ya kuchagua treni badala ya ndege hutolewa zaidi kwa kulinda mazingira. Ufaransa, kwa mfano, ilipiga marufuku mwaka 2023 baadhi ya safari fupi za ndege za ndani pale ambapo treni inaweza kumfikisha abiria kwa chini ya saa mbili na nusu. Hoja hiyo ina maana hata Afrika Mashariki, kwa kuwa treni humwaga hewa ukaa kidogo zaidi kwa kila abiria kuliko ndege. Lakini Ufaransa huulizwa iwapo treni inatosha kuchukua nafasi ya ndege. Burundi swali la kwanza ni iwapo treni inafikika.

Katika hesabu ya fedha, bei ya tiketi ya ndege ya kimataifa hufuata dola, nayo faranga ya Burundi imepoteza thamani kubwa mbele ya dola. Nauli ya treni hulipwa kwa shilingi ya Tanzania na iko chini mno kuliko ya ndege. Mizigo nayo ina uzito wake katika uamuzi: mfanyabiashara anayerudi na marobota ya vitenge kutoka Kariakoo hawezi kuyapakia ndegeni bila gharama kubwa.

Hata hivyo, gharama ya reli haiishii kwenye tiketi. Kuna nauli ya basi hadi mpakani, gari kutoka Manyovu, malazi ya usiku mmoja au zaidi Kigoma kusubiri siku ya treni, na chakula cha njiani. Kwa msafiri mmoja asiye na mzigo, tofauti na ndege inaweza kupungua kuliko alivyotarajia. Kwa familia ya watu sita, tofauti hubaki kubwa.

Muda nao una hatari zake. Kipande cha reli ya zamani baina ya Kilosa na Gulwe hukumbwa na mafuriko mara kwa mara. Mvua za mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 zilikiharibu kiasi cha kusimamisha safari kwa miezi. Mwezi Juni 2022, treni iliyotoka Kigoma ilipata ajali mkoani Tabora, ambapo watu wanne walifariki na zaidi ya mia moja wakajeruhiwa.

Reli ya Musongati itabadilisha nini?

Mwezi Januari 2025, Tanzania na Burundi zilitia saini mkataba wa ujenzi wa reli ya kisasa kutoka Uvinza hadi Musongati, kwa gharama ya zaidi ya dola bilioni mbili. Mwezi Agosti mwaka huo, Rais Évariste Ndayishimiye na aliyekuwa Waziri Mkuu wa Tanzania, Kassim Majaliwa, waliweka jiwe la msingi huko Musongati. Njia kuu ina urefu wa takriban kilomita 240, na kati ya hizo 84 zitakuwa ndani ya ardhi ya Burundi. Itakuwa reli ya kwanza katika historia ya nchi hiyo.

Lakini mkazi wa Mutakura anapaswa kuitazama ramani kwa makini. Musongati iko kusini-mashariki, ng'ambo ya milima inayoitenga Bujumbura na nyanda za ndani. Imechaguliwa kwanza kwa sababu ya madini ya nikeli yaliyo huko, ambayo hayawezi kufikishwa baharini kwa faida bila reli. Mpango wa kuifikisha reli Gitega, Bujumbura na kisha Kongo upo, ila kipande kinachojengwa kwanza kinaishia Musongati. Na ili Musongati iunganishwe na Dar es Salaam kwa reli hiyo mpya, vipande vya Makutupora hadi Tabora na Tabora hadi Kigoma, ambavyo ujenzi wake unaendelea, navyo lazima vikamilike.

Kwa hiyo, stesheni itahamia ndani ya nchi, nalo litakuwa badiliko kubwa. Msafiri hatahitaji tena kufika Kigoma ndipo aione treni. Bado, safari yake ya kwanza itakuwa ya gari, kupanda milima badala ya kufuata ufuko.

Kabla ya kukata tiketi

Burundi ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, na raia wake hahitaji viza kuingia Tanzania. Anahitaji pasipoti au hati nyingine ya kusafiria inayotambuliwa, na ni busara kuwa na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Mpaka ni vyema kuuvuka mchana.

Lugha, angalau, haitakuwa kikwazo. Kuanzia Manyovu, mazungumzo ya forodhani, dirisha la tiketi na matangazo ya stesheni ni kwa Kiswahili. Lugha ambayo wengi wa Buyenzi na Mutakura huzungumza nyumbani, huku shughuli za ofisini zikiendeshwa kwa Kirundi na Kifaransa, huko ndiyo lugha ya kazi.

Mpangilio wa safari nao ufuate hesabu ya nyuma kwenda mbele. Kwanza ijulikane siku ya boti au meli, kisha siku ya treni kutoka Kigoma, na mwisho siku ya kuondoka Bujumbura. Baina ya kila hatua na inayofuata iachwe siku nzima ya akiba. Boti za Zanzibar huondoka mara kadhaa kwa siku, na aliyechelewa hupanda inayofuata. Meli yenye tarehe moja tu haimsubiri mtu, na kwa mwenye tiketi ya meli ya namna hiyo, asiye na siku za akiba, ndege bado ndiyo njia salama zaidi.