Sumaku Isiyo na Chuma

Apitaye Namuwongo, mjini Kampala, hakosi kuwaona wauza makaa, wala fundi wa redio aliyefungua kifaa cha mteja. Makaa kwa sehemu kubwa ni kaboni. Na kaboni hiyo hiyo, ikipangwa kwa utaratibu mwingine, huwa kinywe, yaani kile kitu cheusi kiandikacho ndani ya penseli.

Kinywe ni tabaka juu ya tabaka. Unene wa milimita moja una matabaka yapatayo milioni 3, na katika kila tabaka atomi zimeshikana mfano wa sega la nyuki. Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Manchester, Uingereza, walibandua tabaka moja kwa utepe wa gundi. Mwaka 2010 wakatunukiwa Nobel. Tabaka hilo, grafini, hupitisha umeme vizuri mno, na hapo ndipo penye tatizo. Transista ya redio ni mlango wa umeme, na mlango usiofungika haumfai fundi. Grafini ikikatwa vipande vyembamba sana, mlango huo huweza kufungika.

Lakini tunalotaka wasomaji walizingatie zaidi ni umbo. Chukueni pembetatu ya atomi 22 za kaboni, yenye kingo kama meno ya msumeno. Atomi hizo zina pande mbili, kila moja ikipakana na za upande wa pili tu: 12 huku, 10 kule. Kila atomi hutoa elektroni moja, nazo hushikana mikono, ya huku na ya kule, hata nguvu zao za sumaku zikafutana. Hapa hesabu haitimii. Mbili hubaki bila mwenzi, zikielekea upande mmoja, na kipande huwa sumaku pasipo chembe ya chuma!

Mkemia Erich Clar alijaribu kuitengeneza katika miaka ya 1950 asifaulu, maana elektroni zisizo na mwenzi hudaka chochote kilicho karibu. Ilipatikana mwaka 2017, wataalamu wa IBM huko Uswisi walipoondoa atomi mbili za haidrojeni kwa ncha ya hadubini, katika baridi kali mno. Mwaka 2021 wakemia wa Japani waliizungushia vikundi vya atomi vya kuilinda, ikawa fuwele.

Uganda ina kinywe huko Orom, wilayani Kitgum, na Tanzania inacho Mahenge. Madini hayo hutakiwa sana na watengenezaji wa betri. Pembetatu tuliyoieleza, hata hivyo, haikuchongwa katika jiwe; ilijengwa maabarani, na kwa kazi hiyo twahitaji wakemia kuliko wachimbaji.