Kompyuta ya Gemu Ikizimika Omugo, Windows Ishtakiwe Mwisho

Kompyuta ya gemu ikianza kujizima katikati ya mchezo, hukumu hutolewa kabla kesi haijasikilizwa: ina virusi. Fundi huchomeka fleshi, hupiga Windows upya, hupokea ujira wake, na mwenye mashine hucheza siku mbili tatu kwa raha. Kisha inazima tena. Tiba hii inapendwa kila mahali Afrika Mashariki kwa sababu haihitaji kipimo wala kipuri. Lakini kwa mahali kama Omugo, huko Terego, kaskazini magharibi mwa Uganda, ambako makazi ya wakimbizi wa Sudan Kusini yalifunguliwa mwaka 2017 na wengi hutegemea paneli za sola, mshtakiwa wa kwanza anapaswa kuwa umeme, wa pili joto, na Windows wa mwisho. Programu nazo huharibika, sikatai. Ila zikiharibika huacha alama, na alama hizo ndizo anazozifuta fundi wa fleshi kabla hajazisoma.

Tufanye hesabu kidogo. Kompyuta yenye kadi ya picha ya wastani huweza kula wati 300 hadi 400 mchezo unapokolea, ilhali ikiwa imetulia haifiki 100. Wati 400 kutoka kwenye betri ya volti 12 ni zaidi ya ampia 33, na ukijumlisha kinachopotea ndani ya inveta unakaribia 40. Zikipita kwenye waya mwembamba ulionunuliwa kwa ajili ya balbu na kuchaji simu, waya hupata moto, volti hushuka njiani, na inveta, ambayo aghalabu hujikata volti zikifika kama 10.5, hudhani betri imekwisha. Fundi akija asubuhi na mita yake, mashine ikiwa imezimwa, betri inasoma 12.6 naye anaapa ni nzima. Ni nzima, kwa balbu. Tena inveta nyingi za bei nafuu hutoa wimbi la umeme la ngazi ngazi badala ya wimbi laini, na baadhi ya pawasaplai za kisasa hulikataa mzigo unapopanda. Hata pawasaplai nzuri huvumilia umeme kukatika kwa takriban milisekunde 16 tu. Swichi inayohamisha nyumba kutoka jenereta kwenda betri ikichelewa zaidi ya hapo, kompyuta imekwisha kuzima na aliyekuwa chini ya balbu hajaona kitu.

Atakayepinga atasema hayo yamepitwa na wakati, kwa kuwa West Nile, kanda ilimo Omugo, iliyokuwa ikiishi kwa mtambo wa umeme wa maji wa Nyagak wenye megawati 3.5 pamoja na jenereta za mafuta, iliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2024. Ni kweli, na ni jambo la kushukuru. Lakini laini kuu ikifika mji wa Arua haiongezi unene wa waya unaoishia kwenye kibanda cha mwisho mtaani, ambako volti 240 za kwenye karatasi hupungua jioni kila nyumba ikiwasha pasi. Pawasaplai inayojipima yenyewe kati ya volti 100 na 240 hustahimili upungufu huo. Ile ya bei rahisi yenye kiswichi chekundu mgongoni ina uvumilivu mdogo, na ndiyo hufungwa ndani ya mashine nyingi zinazouzwa kwa sifa ya kadi na prosesa, pawasaplai ikiwa haijatajwa kabisa.

Joto nalo lina tabia yake. Kiangazi cha kuanzia Desemba hadi Machi huja na zaidi ya nyuzi 30 mchana na vumbi jekundu linaloziba feni. Prosesa nyingi hujipunguza kasi zikikaribia nyuzi 95 au 100, na joto likizidi hujizima zisiungue. Kwa hiyo namna mashine inavyokufa ni ushahidi tosha wa kuanzia. Ikizima papo hapo kana kwamba imechomolewa, mara tu mchezo unapofunguka, fuata umeme. Ikicheza dakika ishirini, feni zikapiga kelele, gemu ikaanza kuburuta ndipo ikazima, fuata joto. Ikiganda na sauti moja ikijirudia, au ikitoa skrini ya bluu, hapo ndipo RAM, kadi na dreva huingia kizimbani, na faili ndani ya folda ya Minidump huweza kueleza kilichotokea. Tukio namba 41 kwenye kumbukumbu za Windows lisikudanganye: linasema tu kwamba mashine ilizimika bila kufungwa ipasavyo.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba wakati mwingine kosa ni la mtengenezaji. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikiharibika kwa kujiomba volti kupita kiasi, ikatoa marekebisho na kuongeza miaka miwili ya dhamana. Sijui mfano mzuri zaidi wa kuwatahadharisha wanaoamini maandishi ya skrini: wachezaji wengi waliambiwa kadi ya picha imeishiwa kumbukumbu, kumbe mgonjwa alikuwa prosesa. Waliopiga Windows upya walirudi palepale.

Wapo pia wanaoona gemu katika makazi ya wakimbizi ni anasa isiyostahili makala. Hao wamkumbuke Lual Mayen, mtengenezaji wa gemu kutoka Sudan Kusini, aliyekulia katika kambi kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu hadi zikapatikana dola 300 za kumnunulia laptopu, naye akawa anatembea saa tatu kwenda kuichaji. Huko ndiko ilikoanzia Salaam, gemu yake kuhusu amani.

Linabaki suala la fedha. Kabla ya kununua chochote, punguza kasi ya picha hadi 30 kwa sekunde na ushushe kikomo cha nguvu ya kadi. Kuzima kukikoma, umepata ushahidi kwamba tatizo ni umeme au joto, bure. Pangusa vumbi, jaribu kipande kimoja cha RAM kwa wakati, acha MemTest86, programu ya kupima RAM, ifanye kazi usiku kucha kama betri inaruhusu. CTEN, shirika lililoanzishwa na wakimbizi wenyewe katika makazi ya Rhino Camp, limewahi kuendesha siku za ukarabati ambako watu hufungua vifaa vyao pamoja, na mita moja ikatumiwa na wengi. Akiba ya kadi mpya ielekezwe kwanza kwenye waya mnene na mfupi na pawasaplai ya kuaminika. Atakayemudu betri ya pili na inveta ya volti 24 atakuta mzigo uleule uliokuwa ukidai ampia 40 sasa unadai 20.