Masomo ya intaneti: Mtoto wa Makindu asiachwe kituoni

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Mombasa hufika Makindu baada ya kilomita 160 hivi. Wengi huujua mji huo wa Kaunti ya Makueni kwa hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, ambapo kila apitaye hupewa chakula na mahali pa kulala bila kuulizwa dini wala kabila, na bila kudaiwa hata senti moja.

Hekalu hilo ni ukumbusho wa mafundi na wafanyakazi wa reli, ambayo ilipita Makindu kabla ya kufika Nairobi mwaka 1899. Kando ya reli zilifuatana nyaya za telegrafu. Habari za Mombasa na za Nairobi zilipita juu ya vichwa vya watu, na mwanakijiji aliyesimama chini hakusikia hata neno.

Hali hiyo inafanana na jambo linalowakabili wanafunzi wa shule za upili siku hizi. Mwaka 2009 nyaya za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa kupitia chini ya bahari, na Kenya ikapata intaneti ya kasi. Masomo, maktaba na maabara za ulimwengu mzima zikawa zapita hewani. Je, ni nani ayanasaye?

Jibu lilionekana wazi mwaka 2020. Shule zilipofungwa mwezi wa Machi kwa sababu ya Korona, Taasisi ya Kukuza Mitaala, KICD, ilitoa masomo kwa redio, kwa televisheni na kwa intaneti. Watahiniwa wa Kidato cha Nne walirudi darasani Oktoba 12, na wengi wa wenzao wakakaa nyumbani mpaka Januari 4, 2021. Hatimaye watahiniwa wote, wa Nairobi na wa vijijini, waliufanya mtihani mmoja wa KCSE.

Lakini hawakuwa wamejiandaa kwa vifaa sawa. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba kati ya Wakenya wenye umri wa miaka mitatu na zaidi, asilimia 22.6 walitumia intaneti, na asilimia 10.4 tu walitumia kompyuta.

Tuchukue mfano wa nyumba yenye watoto watatu na simu moja ya intaneti. Simu hiyo ni ya mama auzaye maembe kando ya barabara kuu. Ndiyo duka lake, maana wateja humpigia. Ndiyo benki yake, maana hulipwa kwa M-Pesa. Hurudi nayo jioni betri ikikaribia kwisha. Hapo watoto watatu wenye kazi ya shule huanza kuigombea. Mama huyo hapuuzi elimu. Tatizo ni kwamba ameombwa kugawa kitu kimoja mara nne.

Je, kuna la kufanya? Lipo, tena si la gharama kubwa.

Kwanza, walimu wakumbuke bei ya bando. Video ya saa moja yaweza kula megabaiti mia kadhaa, ilhali kurasa kumi za maandishi matupu hazifiki megabaiti moja. Mwalimu atumaye maandishi mafupi na maswali yake huwafikia wanafunzi wengi kuliko yule atumaye video ndefu ya kupendeza.

Pili, si lazima kila mwanafunzi awe na intaneti. Zipo programu kama Kolibri, ambazo masomo yake hupakuliwa mara moja mahali penye mtandao. Baada ya hapo kompyuta moja ya shule huyagawa kwa nyingine zilizo karibu bila intaneti yoyote. Hata wenye simu za kabambe wamewahi kufikiwa: Eneza Education, iliyoanzishwa nchini Kenya, ilipeleka masomo na maswali kwa ujumbe mfupi wa simu.

Tatu, tusidhani kwamba kushika simu ni sawa na kujua kuitumia. Katika mtaala wa umilisi, CBC, ujuzi wa kidijitali ni mmoja kati ya umilisi saba wa kimsingi. Kijana anaweza kupitisha usiku mzima akitazama vichekesho na bado asijue kuandika barua kwa kompyuta, kupanga hesabu katika majedwali, au kupima kama habari aliyoisoma ni ya kweli. Na yule anayeiachia mashine imwandikie insha asisahau kwamba chumba cha mtihani hataingia nayo. Ujuzi huu hutaka mwalimu aliyefunzwa na saa za mazoezi. Maabara ya kompyuta iliyofungwa kwa kufuli mwaka mzima kwa kuhofia wezi haimfunzi mtu.

Nanyi wazazi wa mjini mna sehemu yenu. Desemba ikifika, wengi mtawapeleka watoto mashambani kwa nyanya, au susu, kama wasemavyo Wakamba. Huko watakutana na binamu zao wa darasa lile lile. Mwanao na abebe maandishi ya masomo na mitihani ya zamani katika flashi au simuni, kisha akae na binamu yake chini ya mwembe wafundishane. Huenda akagundua kwamba yule wa kijijini amemshinda hesabu, ila alikosa tu mahali pa kusoma zaidi.

Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Pale hekaluni Makindu, msafiri haulizwi kama anastahili kula. Hukaribishwa akaketi na wenzake. Elimu nayo yataka kuandaliwa vivyo hivyo.