Gemu za kujenga zisitiwe kapu moja na kamari



Naomba nafasi katika gazeti lako ili nami nitoe dukuduku langu juu ya michezo ya simu na kompyuta, ambayo vijana wetu huiita gemu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja nje kidogo ya Singida Mjini. Sina utaalamu wa kompyuta. Chuo cha ualimu kilinifundisha kutengeneza zana za kufundishia kwa maboksi, visoda na vijiti, na mpaka leo hizo ndizo ninazozijua vizuri. Lakini kuna kosa nililolitenda mwenyewe, na naona wenzangu wengi, walimu kwa wazazi, wako njiani kulitenda.

Katika mkutano mmoja wa wazazi shuleni kwetu, mzazi alisimama akaeleza jinsi kijana wake alivyochukua fedha za mbegu za alizeti akaenda kuzimalizia kwenye mashine za kamari, zile za kutumbukiza sarafu. Mkutano ulichafuka. Kila mtu akawa na lake la kusema, na kabla jua halijafika utosini neno lililokuwa likisemwa halikuwa tena kamari, bali gemu. Mwenye mashine ya sarafu, mwenye banda la kuchezesha mpira wa kwenye televisheni, mtoto anayepanga matofali kwenye simu ya mama yake, wote wakatiwa kapu moja, wakaitwa wahuni. Mimi ndiye niliyekuwa katibu. Sikuishia kuandika, nilisimama nikasema kwa sauti kubwa kwamba mwanafunzi atakayeonekana na habari za gemu ashughulikiwe. Nilipigiwa makofi.

Siku chache baadaye, nikisahihisha hesabu darasa la sita, nilifungua daftari la mvulana mmoja nikakuta kurasa za nyuma zimejaa michoro ya mabasi. Nilimwuliza ni nini. Akajibu, "Ni basi la gemu, mwalimu." Nikalichana daftari lile mbele ya wenzake. Hakulia wala hakunijibu. Aliokota vipande kimoja kimoja, akavipanga kwa ukubwa wake, akavitia mfukoni. Niliona ni ujeuri, nikamwandika katika kitabu changu.

Sasa Jumamosi moja nilikwenda mjini kununua chaki na kutengeneza simu yangu iliyokuwa haipokei chaji. Kwa fundi, jirani na soko, nilikuta watu sita wamejibana kwenye benchi la watu watatu, wote macho kwenye simu moja. Walikuwemo vijana wawili wa bodaboda, mama muuza mafuta ya alizeti aliyekuwa akisubiri simu yake, na mzee mmoja ambaye baadaye niliambiwa ni dereva mstaafu wa mabasi. Gemu lenyewe linaitwa Bus Simulator Indonesia. Lilitolewa mwaka 2017 na kampuni ya Maleo ya huko Indonesia, na mchezaji kazi yake ni kuendesha basi: anapakia abiria, anawasha taa za kugeukia, anasimama kituoni, anashusha. Hakuna kupiga mtu wala kutega fedha. Nilishangaa kwa nini gemu la Indonesia liwavute watu wa Singida namna hii, mpaka fundi akanieleza jambo ambalo ukilitazama ni rahisi kabisa. Indonesia nao huendesha upande wa kushoto kama sisi, usukani uko kulia na mlango wa abiria uko kushoto. Kijana wa hapa akilishika anajiona yuko nyumbani. Tena kampuni imeruhusu kila mchezaji kulipaka basi rangi anazotaka mwenyewe, na hapo ndipo vijana wa Tanzania walipoingia kwa nguvu zote. Wanachora mabasi tunayoyaona kila siku barabarani, kisha wanatumiana michoro hiyo kwa WhatsApp, wakisifiana na kukosoana.

Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa akiteremka mlima. Akamgeukia yule mzee.

"Mzee wangu, ingekuwa Sekenke hapa, ungeweka gia gani?"

"Kijana wangu, Sekenke unashuka na gia ileile ambayo ungepandia," mzee akajibu. "Ukikalia breki tu zitachemka, zitakataa, na nyuma yako pana watu hamsini wanamwita Mungu."

"Mbona hapa kwenye gemu hazichemki?"

"Ndiyo maana nakwambia mimi. Gemu halitakwambia."

Ndugu wasomaji mliopita njia ya kwenda Igunga na Nzega mnaufahamu mlima huo. Mzee yule aliupita enzi za vumbi, kabla ya lami. Alikaa pale karibu saa nzima akieleza namna ya kusikiliza injini, namna ya kumpisha mwenye lori anayepanda, namna ya kujua tairi limechoka, na vijana wa bodaboda, ambao mimi nilidhani hawamsikilizi mtu yeyote, walikuwa kimya wakiuliza maswali. Nimehudhuria semina nyingi ambazo hazikuwa na usikivu wa namna ile.

Nilipotaka kuondoka ndipo nikamwona mwanafunzi wangu. Alikuwa amekaa chini nyuma ya kaunta. "Shikamoo mwalimu," alisema, huku akirudi nyuma.

"Marahaba. Unafanya nini huku?"

Aliyenijibu ni fundi. "Mwalimu, huyu mdogo wetu ndiye fundi rangi wetu. Anakuja Jumamosi akitoka kuuza mayai ya nyumbani kwao. Anapima kwanza kwenye karatasi, mimi nahamishia kwenye kompyuta." Akavuta droo akanionyesha karatasi zake. Kati ya hizo zilikuwemo zile nilizozichana mimi, zimeunganishwa kwa gundi ya karatasi.

Mhariri, nieleze kidogo kazi hiyo ilivyo, maana mimi mwenyewe sikuielewa mara moja. Basi la kwenye gemu halipakwi rangi likiwa limesimama. Unachopewa ni picha bapa, ambamo ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia, paa, mbele na nyuma vimelazwa kando kando, kama vile mtu amechukua boksi la chaki, akafungua kingo zake zote na kulilaza mezani. Unachora juu ya picha hiyo, na gemu lenyewe ndilo linalolikunja boksi. Mstari unaoanza ubavuni na kuzunguka hadi nyuma lazima ukutane sawasawa pale kwenye kona. Ukikosea vipimo kidogo tu, mstari unavunjika. Ubavu mmoja basi linaelekea kushoto, wa pili linaelekea kulia, kwa hiyo mchoro wa mshale au wa mnyama anayekimbia lazima ugeuzwe, lakini maandishi hayageuzwi, la sivyo yatasomeka kinyumenyume. Mtoto huyu, ambaye kwangu alikuwa akipata alama saba kwa kumi na mbili kati ya hamsini, alikuwa ameyapatia yote hayo kwa rula yangu ya kuazima. Ubavuni ameandika jina la kijiji chetu, ambacho hakijawahi kufikiwa na basi lolote.

Jumatatu niliingia darasani na maboksi ya chaki matupu. Tulifungua kingo, tukayalaza, tukapima kila upande, tukajumlisha. Somo la eneo la mche mstatili, ambalo kila mwaka hunitoa jasho mbele ya wanafunzi zaidi ya sabini, lilieleweka kwa vipindi viwili. Sisemi wote walielewa. Lakini walioelewa walikuwa wengi kuliko mwaka wowote niliofundisha.

Baada ya hapo nilianza kuuliza na kusoma juu ya watu waliobuni gemu za namna hii. Ile ya kupanga vipande vinavyodondoka, inayoitwa Tetris, ilibuniwa Moscow mwaka 1984 na Alexey Pajitnov, aliyekuwa mtaalamu wa kompyuta na mpenzi wa chemshabongo za vipande vya mbao. Mmarekani Will Wright alikuwa akitengeneza gemu la helikopta ya kupiga mabomu, akajikuta anafurahia zaidi kuvijenga visiwa kuliko kuvilipua; kutokana na hilo akabuni SimCity, iliyotoka mwaka 1989, ambayo mchezaji anapanga mji wenye barabara, umeme na kodi. Na gemu la Minecraft la kujenga kwa matofali, lililoanzia Sweden, hutalihitaji kulifuata Ulaya: mwaka 2012 Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi, ambalo makao yake makuu yako Nairobi, liliungana na kampuni ya Mojang yenye gemu hilo, na miongoni mwa kazi zao za kwanza ilikuwa uwanja wa wazi katika mtaa wa Kibera. Wakazi, watu ambao hawajasoma ramani ya mhandisi, walikaa mbele ya kompyuta wakaonyesha kwa matofali ya gemu ni nini wanataka kiwe wapi. Nilipoisoma habari hiyo nilikumbuka choo cha shule moja ninayoifahamu, kilichojengwa upande wa juu wa kisima. Laiti wanakijiji wangeoneshwa mapema kwa matofali ya gemu.

Kuna watakaosema haya ni mambo ya kigeni. Ninawauliza, sisi tulikuwa wapi? Nani kati yetu wenye umri wa miaka thelathini na kitu hakutengeneza gari la waya, magurudumu yamekatwa kwenye ndala zilizochakaa, usukani fimbo ndefu, akalisukuma kuzunguka majabali yetu huku akiunguruma kwa mdomo? Tulikuwa na vituo, abiria na makondakta. Tofauti ni kwamba mama zetu walikuwa wanaliona gari lenyewe, kwa hiyo hawakuogopa, ila siku ndala ikikatwa kabla haijachakaa. Na wazee wetu je? Bao lina mashimo 32 na kete 64. Katika bao la Kiswahili mchezaji huanza na kete 22 mkononi za kunamua, akijua wakati wa kuilinda nyumba na wakati wa kuiachia, na bingwa anahesabu mbele kwa mbele huku anapiga soga. Mwalimu Nyerere alijulikana kwa kulipenda. Hakuna aliyethubutu kumwita mhuni.

Hata hivyo sitaki nionekane nimelewa gemu. Ubaya upo. Yupo kijana pale pale kwa fundi aliyekiri mbele yangu kwamba alikesha mpaka jogoo likawika, akapeleka abiria asubuhi akiwa anasinzia, na hilo ni jambo la hatari kuliko hiyo Sekenke ya kwenye simu. Wapo watoto wanaomaliza fedha za chumvi kwenye vifurushi vya intaneti. Gemu nyingine hutolewa bure, kisha zinaanza kukudai fedha kidogo kidogo kama mgeni anayekopa chumvi, kesho mafuta, keshokutwa debe. Mzazi anayo haki ya kuweka saa na kuuliza. Lakini anayecheza kamari huweka fedha na kusubiri bahati. Mikono yake haina kazi na kichwa hakina kazi. Sheria nayo inakataza mtu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, na hiyo ndiyo iliyotakiwa kusomwa kwenye mkutano wetu. Badala yake tulifukuza watoto waliokuwa wakipima na kuchora, na mashine za sarafu zikaachwa ziendelee kumeza. Wawili kati ya wale tuliowakataza gemu niliwakuta wamesimama kwenye mashine hizo wiki ya pili yake. Waliniambia wazi kwamba kama vyote ni dhambi moja, basi afadhali hii ambayo huenda ikawapa kitu.

Ndiyo maana naandika. Nawaomba walimu wenzangu wa hapa Singida na kwingineko, kabla ya kupiga marufuku, mkae dakika ishirini nyuma ya mtoto anayecheza, muone mikono yake inafanya nini. Nawaomba mafundi wa simu na wenye mabanda wasiwape nafasi wanafunzi saa za masomo; huyu fundi wetu amekwisha kubandika karatasi mlangoni inayosema Jumamosi mchana tu, na yule mzee dereva ameahidi kuwepo. Kwenye mkutano ujao wa wazazi nitaomba azimio lile lifunguliwe upya, na kwa kuwa katibu ni mimi, nitalazimika kuandika kwa mkono wangu kwamba mwalimu alikosea. Sijui nitapigiwa makofi mangapi.

Nimemnunulia mvulana yule daftari jipya la kurasa 96 na rula yake mwenyewe. Alipokea kwa mikono miwili akasema ahsante mwalimu. Mpaka nilipolikagua Ijumaa iliyopita lilikuwa na hesabu tupu, safi, kurasa za nyuma nyeupe. Mabasi bado anayachorea kwenye karatasi za kwa fundi.

Mwalimu wa Kijijini,
Singida.