Malipo ya Kalamu ya Kundi: Namna ya Kutuza Uandishi wa Kuigizana

Katika makala haya nakusudia kueleza jambo moja ambalo wahakiki wetu hawaligusi sana, nalo ni namna ya kuwatuza watu wanaoandika hadithi moja kwa pamoja, kila mmoja akiwa amevaa uhusika wake. Tumezoea kumjadili mwandishi kana kwamba siku zote ni mtu mmoja, peke yake mezani, na taa yake. Fasihi simulizi imetufundisha vingine, lakini tukishafungua kitabu tunasahau, tunaanza tena kuulizana "mwandishi anatuambia nini?" Sasa je, wakiwa waandishi sita?

Mchezo wenyewe unakwenda hivi. Inanunuliwa kaunta buku ya kwaya mbili. Kila mtu anajichagulia mhusika mmoja, anaandika maneno na matendo ya mhusika huyo tu, kisha anampa daftari mwenzake. Sheria ni moja: usimsemee mhusika wa mwenzako, wala usimwue bila ruhusa yake. Hadithi yetu tuliiweka kwenye mwalo wa kubuni, upande wa kusini mwa Mwanza. Alikuwepo tajiri wa mitumbwi, kijana anayevua dagaa usiku kwa karabai, mwalimu wa shule ya msingi, ofisa wa doria, binti aliyerudi kijijini kutoka mjini, na mama lishe. Mama lishe nilikuwa mimi, na wenzangu wanaendelea kuniita "mama" mpaka leo, ndevu zangu hazikunisaidia.

Wiki tatu za mwanzo hapakuwa na malipo yoyote na mambo yalikwenda vizuri. Baadaye daftari likaanza kulala. Mtu anakaa nalo siku tano, ukimwuliza anakwambia ana mtihani. Ndipo tukakubaliana tuweke alama: ukurasa mmoja alama moja, na mwisho wa mwezi mwenye alama nyingi achukue pesa kidogo tulizochanga.

Jamani, daftari lilijaa! Kwa kurasa tulifanikiwa sana, ila hadithi ilikufa. Tajiri wa mitumbwi alitoa hotuba ya kurasa saba kwa wavuvi wake, na wavuvi wenyewe hawakupata nafasi hata ya kukohoa. Mwandishi wake tukampa jina la Sangara. Kwa msomaji asiye wa huku nieleze: sangara si samaki wa asili wa Ziwa Victoria. Alipandikizwa katika miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameongezeka mno, huku furu, wale samaki wadogo wa aina mamia, wakipungua vibaya na aina nyingi kupotea kabisa. Hata hivyo sangara hana kosa, anakula kwa sababu kuna chakula. Mwenzetu naye hakuwa mtu mbaya. Sisi ndio tuliotandika meza.

Aliyeumia alikuwa dada aliyemwandika ofisa wa doria. Yeye aliandika nusu ukurasa, pengine mistari minane, na kila mara alimalizia kwa jambo linalomlazimisha mwingine kujibu: ofisa ameokota nyavu zenye macho madogo nyuma ya nyumba ya mwalimu, ofisa amemwuliza mama lishe ni nani aliyekula jana bila kulipa. Nusu ya visa vya daftari lile vilitokana naye. Kwa hesabu zetu alikuwa wa mwisho. Mwezi wa pili alirudisha daftari na mstari mmoja tu: ofisa amehamishiwa Kigoma. Hakuandika tena. Kwanza tulicheka. Baada ya wiki mbili tukagundua kwamba hakuna tena anayemwuliza mwenzake kitu, na daftari likawa hotuba sita zilizofungwa pamoja kwa uzi.

Hapo ndipo nilipoanza kulifikiria suala hili kwa uzito. Alama humwambia mtu kazi ni ipi. Ukilipa kurasa, umesema kazi ni kurasa. Na kuna hatari nyingine iliyo chini zaidi. Mwaka 1973 wanasaikolojia watatu wa Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walichapisha matokeo ya jaribio lao kwa watoto wa shule ya awali waliokuwa wakipenda kuchora. Baadhi waliahidiwa cheti iwapo wangechora, wengine walipewa cheti bila kutarajia, na wengine hawakupewa kitu. Baadaye, walipoachwa wacheze watakavyo, waliokuwa wameahidiwa cheti ndio waliochora kidogo kuliko wenzao. Wale walioshtukizwa hawakudhurika. Kwa maneno mengine, ahadi ya malipo inaweza kuila furaha ile ile iliyomleta mtu kwenye kazi.

Msomaji anaweza kuniuliza: basi kwa nini tusiache malipo kabisa? Mbona Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na haikutoka kitabuni mpaka 1980, mwaka mmoja kabla hajafariki? Nani alimpa alama miaka yote hiyo? Hoja hii ni nzito na inanitia haya kidogo. Lakini Kitereza aliandika peke yake. Subira yake ilikuwa yake. Uandishi wa kundi unategemea subira ya watu sita, na ikikatika ya mmoja, wote wanasimama. Malipo ninayoyatafuta ni yale ya kumfanya mtu apende kumngoja mwenzake.

Kumbe jawabu, au sehemu yake, lilikuwa karibu nasi. Ukitoka Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma utafika Kisesa, na hapo pana Bujora, kituo kilichoanzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, penye makumbusho ya Wasukuma. Kila mwaka, wakati wa sikukuu ya Ekaristi, huchezwa hapo Bulabo, na ndani ya Bulabo yamo mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu. Haya ni makundi mawili ambayo mapokeo yanayarudisha hadi karne ya 19, kwa watu wawili, Ngika na Gumha, walioshindana nani ana dawa kali zaidi. Tangu hapo mchezaji ngoma wa Usukuma huwa wa upande huu au ule.

Utaratibu wa ushindi wao ndio ulionivutia. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, kila moja upande wake. Watazamaji wako huru kuhama. Ukichoka na hawa unavuka kwenda kwa wale. Mwishoni kundi lenye watu wengi ndilo lililoshinda. Tazama jinsi malipo hayo yalivyopangwa. Hakuna anayehesabu manju ameimba beti ngapi. Manju akijisikia mno na kuwafunika wachezaji wake, watu wanahama, na hasara ni ya wote, yeye akiwemo. Wapiga ngoma, wachezaji, mwenye chatu, mwenye vinyago vya mbao, wote wanakula sahani moja au wanalala njaa pamoja. Ushindani upo, tena mkali, lakini umewekwa baina ya makundi. Ndani ya kundi kilichobaki ni kusaidiana. Sisi tulifanya kinyume: tuliingiza ushindani ndani ya daftari na nje tukaacha patupu, hata msomaji hatukuwa naye.

Ushairi wa Kiswahili nao una utaratibu wake wa malipo, ambao ni jibu. Katika gazeti la Mambo Leo, lililoanza 1923, na magazeti yaliyolifuata, washairi walifumbiana na kufumbuliana, na Muyaka wa Mombasa na wenzake walikuwa wakijibizana karne nzima kabla. Shairi la fumbo lisilojibiwa ni sawa na hodi isiyoitikiwa. Mshairi hakuhitaji alama. Kujibiwa kwa bahari na vina vyake mwenyewe kulitosha kumwonyesha kwamba amesikika. Hapa nadhani ngonjera haitusaidii sana, ingawa kwa umbo ndiyo inayofanana zaidi na mchezo wetu. Ngonjera aliyoieneza Mathias Mnyampala, na iliyotumika sana baada ya Azimio la Arusha la 1967, inawapa wahusika ubishi, ila msomaji anajua mapema nani atakubali yaishe. Anayebishana huku akijua atashindwa beti ya mwisho hamwulizi mwenzake swali la kweli.

Basi tukaanza upya kwa daftari jipya. Tulichokilipa safari hii tulikiita kamba. (Najua, mitaani kufunga kamba ni kusema uongo. Kwa watunga hadithi sioni tusi hapo.) Kamba ni kile unachomwachia mwenzako mwishoni mwa sehemu yako: swali, deni, mtu aliyesimama mlangoni. Mwenzako akiidaka na kuiendeleza, wewe uliyeitupa ndiye unayepata alama, na anayeandika alama hiyo ni yule aliyedaka, pembeni ya ukurasa kwa kalamu nyekundu. Mtu hawezi kujipa alama mwenyewe. Urefu haulipwi. Hotuba ya kurasa saba isiyo na kamba ni sifuri. Wiki ya kwanza Sangara alipata sifuri mbili akanuna. Wiki ya tatu tajiri wake wa mitumbwi alianza kuwakopesha watu, maana deni ni kamba nzuri kuliko zote.

Utaratibu huu ulikuwa na tundu, nalo halikuchukua mwezi kuonekana. Wawili wakapatana: nipe nikupe. Kila mmoja anadaka kamba ya mwenzake, hata kama ni hafifu, na wengine wanne wanaachwa nje wakitupa kamba zinazoanguka majini. Tukaongeza masharti mawili. Kwanza, kamba ikidakwa na mtu yule yule mara mbili mfululizo, ya pili haina alama. Pili, kudaka kamba iliyolala zaidi ya wiki bila mtu kuigusa kunampa alama mtupaji na mdakaji, wote wawili. Sharti hili la pili ndilo ninaloliona zuri kuliko yote tuliyobuni. Liliwafanya watu warudi nyuma kusoma kurasa za zamani wakitafuta nini kimesahauliwa, na mwandishi anayesoma kazi ya mwenzake mara mbili ni nadra kama mvua ya Julai.

Alama hizi hatukuzigeuza fedha. Kubwa tulilibakiza kwa kundi zima, kwa mtindo wa Bagika na Bagalu. Tulijigawa makundi mawili, tukaanza na tukio moja: mtumbwi umerudi mwaloni asubuhi bila watu, karabai bado zinawaka. Baada ya wiki nne tukasoma kwa sauti, vyumba viwili vinavyotazamana, milango wazi, saa moja, na waliokuja kusikiliza wakiruhusiwa kuvuka ukumbi wapendavyo. Mwisho vichwa vikahesabiwa. Zawadi ilikuwa sufuria la pilau, kitu ambacho huwezi kukigawa kwa alama. Hili nalo si geni kwa Usukuma: vikundi vya vijana waliolima shamba la mtu kwa nyimbo na majembe, ambao kwao imetoka ngoma ya bugobogobo, walilishwa pamoja, na pengine kuchinjiwa mnyama, bila kupima nani amepiga matuta mangapi.

Sitaki kumdanganya msomaji. Umati una ladha zake. Usiku ule chumba cha pili kilituchota watu wengi kwa kumlewesha mwalimu na kumtumbukiza majini, vichekesho vitupu, huku sisi tukiwa kwenye maombolezo. Wacheza ngoma wana neno samba, dawa ya kuvutia watu, na kila kundi la waandishi litatafuta samba yake, na aghalabu itakuwa matusi. Dawa tuliyopata tumeiazima Malya, wilayani Kwimba, ambako kuanzia 1982 Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi na wanakijiji kutunga maigizo juu ya matatizo ya vijana wao. Kule igizo halikuishia kwenye makofi, mjadala ulifuata. Na sisi sasa baada ya kuhesabu vichwa tunauliza swali moja: ungependa kumwuliza nini mhusika yupi? Maswali yanaandikwa na yanaingia daftarini yakiwa kamba za wiki inayofuata. Katika swali hili sisi tuliokuwa msibani tuliulizwa mengi. Mwalimu aliyelewa hakuulizwa na mtu.

Limebaki tatizo la wahadhiri wetu, ambao kwa haki kabisa wanataka kumpa kila mwanafunzi maksi zake iwapo kazi ya namna hii itaingia kwenye kozi ya uandishi wa kubuni. Pendekezo langu ni kwamba kurasa za mtu zisisahihishwe peke yake. Achukuliwe mwanafunzi, zihesabiwe kamba zake zilizodakwa, kisha aandike kurasa tatu akieleza kamba moja ya mwenzake aliyoidaka: ilikuwa inataka nini, naye aliipeleka wapi. Kwa kipimo hicho nimerudi kwenye daftari letu la kwanza nikazihesabu upya sehemu zote. Ofisa wa doria ana kamba kumi na tisa zilizodakwa. Mama lishe wangu ana nne.