Bei ya Kiwanda na Haki ya Mwenye Duka

Ndugu Waislamu, na hasa nyinyi vijana mnaoanza kutafuta riziki kwa tijara, yatupasa kuzijua hukumu za kuuza na kununua kama tuzijuavyo hukumu za udhu. Suala moja hukariri katika maduka ya Bariadi, Maswa, Itilima na Meatu: Je, mwenye kiwanda ana haki ya kumpangia mwenye duka bei ya kuuzia?

Tazameni hali ilivyo. Bidhaa hutengenezwa Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000, na pengine huchapwa bei moja kwa nchi nzima. Mwenye duka wa kijijini huinunua kwa jumla mjini, hulipa nauli ya pikipiki, na kinachovunjika njiani ni hasara yake. Akiifuata bei iliyochapwa, faida huliwa na nauli. Akiongeza shilingi 100, mnunuzi humwonyesha maandishi na kumwita mwizi. Hata petroli, ambayo bei yake ya juu kabisa hupangwa na EWURA kila mwezi, hutofautiana mji kwa mji, kwani umbali huhesabiwa.

Imepokewa katika Muwatta ya Imam Malik kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alimpita Hatib bin Abi Baltaa akiuza zabibu sokoni Madina kwa bei ya chini, akamtaka ama apandishe bei, ama aondoke sokoni. Lakini katika mapokezi ya Imam Shafii mna ziada kubwa: Umar aliporudi aliihesabu nafsi yake, akamwendea Hatib nyumbani kwake, akamweleza kuwa yale hayakuwa amri wala hukumu, bali aliwatakia kheri watu wa mji, basi na auze apendavyo. Ikiwa Khalifa aliirudisha hiari kwa mwenye mali, mwenye kiwanda ataichukua kwa hoja gani?

Lakini tusihukumu kwa pupa. Kwanza tuulize: mali ni ya nani? Kijana anayetoa na kupokea fedha za simu ni wakala. Ada si yake kuipanga. Ujira wake ni kamisheni, na akimtoza mteja ziada amekhini amana. Ama aliyenunua kwa fedha zake, na hasara ikawa juu yake, huyo ni mwenye mali, na bei ni maridhiano baina yake na mnunuzi, kama tulivyofundishwa katika Suratun-Nisaa, aya ya 29. Haifai kubebeshwa hasara ya mwenye mali huku umefungwa mikono kama wakala.

Mataifa nayo yameliona jambo hili. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1964 ya kuzuia viwanda kuwalazimisha wenye maduka bei ya chini kabisa. Sheria ya Ushindani ya Kenya ya mwaka 2010 imekataza vivyo hivyo. Kiwanda chaweza kupendekeza bei tu, na pendekezo hilo lisiwe la lazima.

Hata hivyo, bei iliyochapwa ina manufaa yake: humkinga mzee au mtoto asiyejua thamani ya kitu. Kwa hiyo, vijana, shikeni mambo matatu. Kabla ya kununua kwa jumla, ulizeni kama bei ile ni pendekezo au ni sharti, na wekeni risiti. Mkiongeza kwa sababu ya nauli, mwambieni mnunuzi mapema. Wala msiyafute maandishi, kwani huo ni udanganyifu. Tena msikutane na wenzenu kupatana kupandisha bei, maana Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 imewakataza washindani kupatana bei, na Tume ya Ushindani imewekwa kwa ajili hiyo.

Na nyinyi wanunuzi, msimwite mtu mwizi kabla hamjamuuliza mzigo wake umefikaje. Dhulma ya mkubwa kwa mdogo ni dhulma, na dhulma ya ulimi ni dhulma vilevile.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali. Amin.