Flammable na Inflammable: Yote Mawili Yanawaka

Flammable na inflammable ni maneno ya Kiingereza yenye maana moja: kitu kinachoshika moto upesi. Kopo la rangi lililoandikwa hili na lililoandikwa lile yana hatari ileile. Hata hivyo swali halikomi: lipi kati ya hayo linamaanisha kitu kisichowaka? Hakuna hata moja.

Chanzo cha kosa ni kanuni ya darasani kwamba in- mwanzoni mwa neno la Kiingereza hukanusha. Kanuni hiyo inafaa kwa visible na invisible, lakini kuitumia kwa kila neno ni hatari. Inflammable limetokana na kitenzi cha Kilatini inflammare, yaani kuwasha moto, na in- yake haikanushi chochote. Ndiyo iliyomo pia katika inflammation, na hakuna daktari anayeisoma hiyo kuwa mgonjwa hana uvimbe. Mwenye kuamini kwamba inflammable ni "haiwaki", kisha akaacha petroli karibu na jiko la mkaa, anahatarisha nyumba nzima: petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi kali, na mvuke huo hutambaa chini hadi ulipo moto.

Wapo pia wanaodai kwamba inflammable ni kali kuliko flammable. Si kweli. Ukali huonyeshwa na maneno ya ziada, highly au extremely.

Inflammable ndilo kongwe. Flammable lilianza kuandikwa mwaka 1813. Katika miaka ya 1920, National Fire Protection Association ya Marekani ilihimiza flammable litumike ili watu wasipotoshwe, na mwaka 1959 British Standards Institution ya Uingereza ikashika msimamo huohuo. Kifaransa kimebaki na inflammable, kwa hiyo msomaji wa Lubumbashi au Bujumbura bado hulikuta kwenye mitungi, na maana yake ni kwamba kilichomo kinawaka.

Kwenye lebo, andika flammable. Kwa kisichowaka, non-flammable. Inflammable libaki kwa mafumbo, kama mtu mwepesi wa hasira. Hotuba ya uchochezi ni inflammatory, neno jingine kabisa. Na kabla ya neno lolote, itazamwe alama ya mwali wa moto: ikiwepo, chombo kifungwe vizuri na kikae mbali na jiko, cheche na sigara.